SOMO LA AFYA: KUMTUNZA MWENYE KIFAFA NYUMBANI

Wengi wetu hapa Nyakasimbi tumepata kumwona mtu akianguka ghafla, akikakamaa na kutupatupa mikono na miguu, povu likimtoka kinywani. Mara nyingi waliopo hurudi nyuma, wakiogopa kuambukizwa na lile povu. Basi tuseme wazi: kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa mate, wala kwa sahani, wala kwa kulala chumba kimoja. Ni ugonjwa wa ubongo. Huweza kuletwa na shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, au tegu wa nguruwe aliyeingia ubongoni. Kwa wengine sababu haionekani.

Tuangalie habari za Mahenge, wilaya ya Ulanga. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya moto. Vidonge vya fenobabitoni viliwasaidia wengi. Mwaka 1992 yeye na Daktari Rwiza walitoa habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa sababu zilikuwa kuungua, kuzama majini, na kifafa kilichofululiza bila kukoma. Yule baba wa Marko 9 naye alisema kwamba mwanawe huangushwa motoni na majini. Hatari ni zile zile hata leo, na nyingi twaweza kuzizuia.

Mgonjwa anapoanguka:

1. Mwondoe penye moto, maji, au vitu vikali. Weka nguo laini chini ya kichwa chake.
2. Usimshike kwa nguvu ili kuzuia mikono na miguu yake. Legeza nguo shingoni.
3. Usimtie kijiko, kijiti, maji wala dawa kinywani. Meno huweza kuvunjika, na maji huweza kuingia mapafuni.
4. Mtukutiko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri. Kaa naye mpaka fahamu zimrudie. Akitaka kulala, mwache alale.
5. Kifafa kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali upesi. Usingoje kukuche.

Siku zote nyumbani:

Mgonjwa asiachwe peke yake kando ya mafiga. Ndizi zinapopikwa, mwingine aangalie moto. Asiende peke yake kuteka maji kisimani au mtoni, wala asipande miti. Alale kitanda cha chini au mkekani.

Dawa anywe kila siku kama alivyoelekezwa, hata akikaa miezi mingi bila kuanguka. Hapa ndipo wengi hukosea. Huona amepona, wakaacha. Na dawa ikikatwa ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa mfululizo unaoua. Kwa hiyo, kabla vidonge havijaisha, mtu wa nyumbani afuate vingine. Mama mwenye mimba naye asiache dawa, bali amwambie mganga wa kliniki mapema.

Mtoto mwenye kifafa apelekwe shule, na mwalimu aambiwe la kufanya. Mtu mzima apewe kazi ya kumfaa, ale pamoja na wengine, na aketi kanisani kati yetu. Anayefichwa chumba cha nyuma huanguka pasipo mtu wa kumwinua.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Je, mtu akianguka ibadani Jumapili hii, nani atamkaribia kwanza, na atafanya nini?
2. Katika jirani zetu, kuna nyumba iliyoishiwa dawa au nauli ya kufuata dawa? Twaweza kupokezanaje safari hiyo?