Simu Ndani ya Kompyuta

Swali: Naunda programu ya kurekodi kilo za majani chai hapa Litein. Simu pepe ya Android kwenye kompyuta yangu inajikokota mno. Nifanyeje?

Jibu: Anzia BIOS. Washa uwezo wa kuendesha mashine pepe: VT-x kwa Intel, AMD-V kwa AMD. Bila huo, hata subira ya Ayubu haitoshi. Kisha, ndani ya Android Studio, unda simu yenye mfumo wa x86_64, si ARM. Kompyuta ikiwa na RAM ya GB 8 tu, funga kivinjari.

Simu pepe ikishawaka, ikatie mtandao katikati ya kupima: je, kilo za mkulima zimehifadhiwa? Jaribio hilo ndilo muhimu kuliko yote. Ikiwa programu yako inatumia M-Pesa pia, ombi la PIN halitafika humo, maana hakuna laini halisi. Kwa hilo azima simu ya kawaida.