Bangi ni haramu, je, kumuombea aliyefungwa kwa bangi nako ni haramu?

Suala la leo sikulitafuta vitabuni. Lilinijia mlangoni hapa Ujiji, baada ya swala ya Alasiri. Mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi alikuja na nakala ya hukumu ya mwanawe, akaniambia: "Ustadhi, wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Niandikie barua kwa Rais, amsamehe mwanangu." Kijana huyo nilimsomesha Juzuu Amma. Alikamatwa na bangi kilo chache ndani ya gunia la dagaa, akafungwa miaka 30.

Nilikataa. Nilimjibu kuwa bangi ni haramu, na mimi siwezi kumtetea mtu katika haramu. Yule mama hakubishana. Alisema, "Haya, mwanangu," akakunja karatasi yake akaondoka. Usiku ule nilirudi kwenye vitabu, nikaona kuwa nilimjibu kwa jazba, si kwa elimu.

Uharamu wa bangi hauna mjadala. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kila kinacholevya ni haramu, na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Hashishi ilipoenea katika miji ya Waislamu, wanavyuoni kama Ibn Taymiyya waliiingiza katika hukumu hiyo bila kusita. Kwa hiyo msomaji asinielewe vibaya.

Lakini mama yule hakuniuliza kama bangi ni halali. Yeye alitaka mwanawe aombewe. Hapo wengi wetu hukimbilia kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Usama bin Zayd (r.a.) alikwenda kumuombea, Mtume (s.a.w.) akakasirika, akamuuliza vipi anaombea katika haddi ya Allah (Bukhari na Muslim). Tunaisoma hadithi hiyo na kufunga mjadala, bila kulitazama lile neno "haddi". Haddi ni adhabu ambayo sheria yenyewe ya Allah imeiwekea kiwango. Miaka 30 ya gerezani haimo katika haddi yoyote. Hata Ibn Taymiyya, aliyeona mla hashishi aadhibiwe kama mnywa pombe, alizungumzia viboko. Wengine wakaiweka katika taaziri, yaani adhabu ambayo kiwango chake kimeachiwa mtawala. Na katika taaziri wanavyuoni wameruhusu maombezi, na wamemruhusu mtawala asamehe au apunguze akiona kuna maslahi. Qur'an (4:85) inamuahidi fungu lake mwenye kuombea maombezi mema, na inamuonya mwenye kuombea maovu.

Tena Bukhari amepokea habari ya mtu aliyechapwa kwa ulevi, kisha baadhi ya waliohudhuria wakamuapiza. Mtume (s.a.w.) aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Ndugu yao! Mlevi, na tena amekwisha kuadhibiwa, bado ni ndugu.

Sasa tuitazame sheria ya nchi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kwa marekebisho ya 2017, iliweka kifungo cha miaka 30 kwa kusafirisha bangi hata ya kilo chache, na kifungo cha maisha kwa mizigo mikubwa. Parole haimsaidii mfungwa huyu, kwa sababu Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 imewaweka kando wafungwa wa dawa za kulevya. Na kila inapofika Aprili 26 au Desemba 9, tangazo la msamaha wa Rais kwa kawaida huwaengua pia.

Hata hivyo, Ibara ya 45 ya Katiba haikulitenga kosa lolote. Inampa Rais uwezo wa kusamehe, kufuta adhabu au kuibadilisha iwe nyepesi. Desemba 9, 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Siku hiyo hiyo aliwaachia Nguza Viking na mwanawe, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kosa la kubaka watoto, ambalo nalo kwa kawaida huenguliwa. Kwa hiyo kuenguliwa ni uamuzi wa kila tangazo, na uamuzi unaweza kuombewa. Kule Marekani, Oktoba 2022, Rais Biden aliwasamehe waliotiwa hatiani na mahakama za shirikisho kwa kupatikana na bangi tu. Wauzaji hawakuhusika.

Nasi tuchague. Anayewauzia bangi watoto wa shule simuombei. Simuombei pia mwenye mali, ingawa yeye ni nadra kukamatwa. Anayekamatwa ni mbebaji aliyelipwa nauli na fedha ya chakula. Huyo mbebaji, akiwa ameshatumikia miaka kadhaa na mwenendo wake ni mzuri, ndiye ninayemsemea. Kama rufaa yake haijamalizika, aimalize kwanza, maana mahakama za juu zimewahi kufuta hukumu za namna hii kwa sababu utunzaji wa vielelezo ulikuwa na mashaka. Rufaa ikigonga mwamba ndipo barua iandikwe.

Nilimfuata yule mama Kibirizi nikamuomba radhi. Barua tumeiandika pamoja. Haikani kosa. Inataja umri wake alipokamatwa, uzito wa mzigo, miaka aliyokwisha kutumikia na mama anayemtegemea. Inaomba apunguziwe adhabu, hata kama hataachiwa moja kwa moja. Kilichotuchelewesha ni sehemu ya mwisho, nani atampokea na atafanya kazi gani. Nilipouliza msikitini kwetu, wazee watatu walikubali kutia saini na mwenye mtumbwi mmoja akaahidi kumpa kazi. Wengine waliniambia nimeanza kutetea wavuta bangi. Mama ameweka dole gumba, na barua tumeipitisha kwa mkuu wa gereza anakotumikia kijana.