CHUMVI NA SHINGO

Zamani katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watu wengi walikuwa na rovu, ndio uvimbe wa shingo. Si uchawi. Udongo wa huko una upungufu wa iodini. Mama mwenye mimba akiikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa bubu. Shuleni hashiki masomo. Akiwa mtu mzima, kazi humshinda.

Mtu mmoja hawezi kuponya udongo. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi itiwe iodini, na rovu likapungua.

Lakini amri haiingii chunguni yenyewe. Mama, ununue chumvi yenye iodini, uifunike vizuri, uitie chakula kikikaribia kuiva.

Swali: Chumvi ya nyumbani kwako ni ya namna gani?