Kwa nini mbwa uliyemlea humgeuka mtoto wako

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo, macho yakiwa bado yamefumba, hutafuta titi la mama yake na kunyonya. Hakuna aliyemfundisha. Akikua, hujua sauti ya mwenyewe, saa ya chakula na mtoto yupi humrushia mawe. Hayo amejifunza. Ukifahamu tofauti hii, msomaji, utaweza kumkinga mwanao asiumwe.

Ubongo wa mnyama, kama wetu, una chembe nyingi zinazopashana habari kwa njia zilizoungana mithili ya nyaya za umeme. Baadhi ya njia hizo mnyama huzaliwa nazo. Ndizo huongoza silika: kula, kutoroka hatari, kupigana na kulinda watoto. Walter Hess wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alionyesha kwamba umeme kidogo ukipitishwa sehemu za ndani za ubongo, paka aliyetulia husimamisha manyoya na kushambulia, ingawa hakuchokozwa.

Njia nyingine huimarishwa na mazoea. Ivan Pavlov wa Urusi aligundua kwamba mbwa akisikia mlio fulani kila mara kabla ya kulishwa, mwishowe mlio pekee humtoa mate. Vivyo hivyo, mbwa anayechapwa hujifunza kuuogopa mkono ulioinuliwa, hata wa mtoto anayetaka kumpapasa tu.

Mafunzo hutuliza silika lakini hayaifuti. Mfundishe mtoto asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Akikutana na mbwa asiyemjua asikimbie, kwani kukimbia huamsha silika ya kufukuza. Asimame tuli, mikono chini, wala asimkazie macho.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingilia kwenye jeraha, hufuata mishipa ya neva hadi ubongoni na kuzivuruga njia hizo zote. Mbwa mpole huwa mkali, mkali naye huenda akanyamaza na kujificha. Hudondokwa na mate na huweza kumuuma hata aliyemlea. Kwa binadamu, dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa hivyo ukiumwa, ukikwaruzwa, au mbwa akilamba kidonda chako, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa wala majivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, na urudi kila tarehe utakayopewa. Usiogope hadithi za sindano nyingi za tumboni. Hizo ni za zamani. Siku hizi mtu mzima hudungwa begani.

Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Na huyo wako nyumbani, je, amechanjwa mwaka huu?