Somo: Kilomita za Angani na Saa za Safari, Mwanza hadi Dar es Salaam

Abiria anayenunua tiketi hununua pia muda. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuukadiria muda huo kabla ya kulipa.

Umbali

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 850. Kwa barabara ipitayo Singida, Dodoma na Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,100. Tofauti huwa kubwa zaidi pale ziwa linapokatiza njia. Mwanza na Bukoba zimetengana kwa takriban kilomita 175 za angani, ilhali gari linalouzunguka mwambao wa kusini husafiri zaidi ya maradufu ya umbali huo.

Muda wa ndege

Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ndege ya jeti ingedhaniwa kufika Dar es Salaam kwa saa moja na dakika chache. Tiketi huonyesha muda mrefu zaidi, kwa kuwa muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Ndege za pangaboi huchukua muda mrefu zaidi, na ndege inayotua kwanza Kilimanjaro huongeza muda wa kushusha na kupakia abiria.

Kusoma saa

Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kwa hiyo 07:10 ni saa 1:10 asubuhi, na 19:10 ni saa 1:10 usiku. Uangalifu zaidi unahitajika baada ya usiku wa manane: ndege ya 00:30 ya Jumanne huondoka saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumanne. Atakayefika uwanjani Jumanne jioni atakuwa ameachwa.

Kwa safari za nje, kila saa huandikwa kwa majira ya mahali husika. Mwanza ikiwa saa 6 mchana, Kigali ni saa 5 asubuhi, na Guangzhou ni saa 11 jioni.

Mfano

Tuchukulie mgonjwa anayeishi Nyegezi, mwenye miadi Hospitali ya Taifa Muhimbili saa 8 mchana. Ndege yake inaondoka 08:30 na kufika 09:50.

- Saa 11:30 alfajiri: anaondoka nyumbani.
- Saa 12:30 asubuhi: anafika uwanjani, saa mbili kabla ya safari.
- Saa 2:30 asubuhi: ndege inaondoka.
- Saa 3:50 asubuhi: ndege inafika Dar es Salaam.
- Saa 4:20 asubuhi: amepokea mizigo.
- Saa 5:20 asubuhi: anafika Muhimbili, iwapo foleni ni ya kawaida.

Safari ya ndege ya saa 1 na dakika 20 imekuwa safari ya takriban saa 6. Muda uliosalia ni akiba yake endapo ndege itachelewa. Angechagua ndege ya kufika saa 7 mchana, asingekuwa na akiba yoyote.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, ndege inakwenda moja kwa moja?
2. Ni ya aina gani, na muda wake ni upi?
3. Dirisha la kupokea abiria hufungwa saa ngapi?
4. Ikichelewa au kufutwa, ndege inayofuata ni ipi?

Tunawashauri wasafiri wapange safari kwa kuanzia saa ya miadi na kuhesabu kurudi nyuma hadi mlangoni pa nyumba.