Mtoto Anayetembea kwa Vidole: Ijue Tiba Kabla ya Kuilipia

Mtoto anayejifunza kutembea huweza kuchuchumia, na wengi huacha wenyewe. Akivuka miaka 3 akiwa bado anachuchumia, apimwe. Usingoje umri huo iwapo anachuchumia mguu mmoja tu, miguu imekaza, au aliwahi kukanyaga vizuri kisha akaacha. Huenda chanzo ni mtindio wa ubongo au ugonjwa wa misuli.

Tiba hufuata chanzo na ukakamavu wa kifundo cha mguu:

1. Uangalizi: kisigino kikifika chini kwa urahisi, daktari humfuatilia mtoto kwa miadi.
2. Mazoezi: mtaalamu wa fiziotherapia humfundisha mzazi namna ya kunyoosha shavu la mguu kila siku.
3. Hogo: hufungwa kwa wiki kadhaa, likibadilishwa mara kwa mara. Vidole vikivimba, vikipoa au vikibadilika rangi, rudi hospitali mara moja.
4. Kifaa cha kushikilia mguu: kitengenezwe kwa vipimo vya mtoto mwenyewe.
5. Upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino: kwa kawaida huja baada ya njia nyingine kushindwa.

Mkazi wa Kondoa au Mpwapwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha aombe rufaa kwenda Dodoma mjini. Kabla ya kulipa, uliza: chanzo ni nini? Tutarudi mara ngapi? Bima inagharamia nini? Hogo lililoachwa njiani kwa kukosa nauli ni hatari kwa mtoto. Dai stakabadhi kila ulipapo.