Miwani ya Kuonea Mbali Inapotatiza Kusoma

Walaji wengi wasioona mbali, wanapofikia umri wa miaka 40 hivi, hushangaa kwamba miwani iliyowafaa kwa muda mrefu sasa inafifisha maandishi. Wakiivua, maandishi huwa wazi. Baadhi yao hudhani wameuziwa miwani mbovu, wengine hukimbilia kununua nyingine. Kabla ya kutoa fedha tena, yafaa tuelewe kinachotokea.

Kiini cha tatizo

Katika jicho lisiloona mbali, nuru hukutana mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Lenzi ya miwani iliyobonyea katikati hurekebisha kasoro hiyo. Nguvu yake hupimwa kwa dayopta na huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa mfano –2.50. Ukigawanya 100 kwa 2.50 utapata 40: jicho hilo, bila miwani, huona wazi kitu kilicho umbali wa sentimita 40, yaani palepale tunaposhikia kitabu. Akivaa miwani, mtu huyo huona mbali, lakini ili asome ni lazima lenzi iliyomo ndani ya jicho ibadili umbo. Lenzi hiyo hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo miwani yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado kusoma kukawa taabu.

Tahadhari kuhusu miwani ya kusomea iliyo tayari

Miwani hii ina nguvu ya kujumlisha, na kwa kawaida lenzi zake mbili hulingana. Mwenye –2.50 akivaa ya +2.00 peke yake, atalazimika kusogeza kitabu hadi sentimita 22 hivi. Atakuwa amenunua usumbufu.

Kabla ya kulipa

1. Omba upimwe kuona mbali na karibu, na ueleze kazi unayoifanya.
2. Chukua cheti chenye nguvu ya kila jicho, nyongeza ya kusomea na umbali kati ya mboni. Kwa cheti hicho utaweza kulinganisha bei za maduka mbalimbali.
3. Uliza njia zote: kuvua miwani unaposoma, ambako hakugharimu kitu, kuwa na jozi mbili, lenzi za baifoko, au lenzi zinazobadilika nguvu polepole kutoka juu hadi chini. Kuvua hakumfai kila mtu: mwenye –6.00 atasoma kwa umbali wa sentimita 17 tu.
4. Dai stakabadhi, na uulize masharti ya marekebisho kabla ya kutoa fedha.

Ikiwa wewe ni kijana

Kijana asiyeweza kusoma kwa miwani mpya, au anayeumwa kichwa kila aivaapo, asinyamaze. Huenda lenzi zina nguvu kupita kiasi, au vitovu vyake havikulingana na mboni. Rudi dukani na cheti pamoja na stakabadhi, uombe lenzi zipimwe mbele yako na kulinganishwa na cheti.

Dalili zisizosubiri

Ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vipya vinavyoelea, au kivuli kama pazia, usiende dukani kutafuta miwani. Nenda hospitali yenye huduma ya macho siku hiyohiyo, kwani retina huenda inabanduka, na kuchelewa kwaweza kukupotezea uwezo wa kuona.